Kadi ya Kijani

Chuo cha Maafisa,
13 Februari 2022

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mguu wako umepungua kuvimba. Mimi huku sijambo, ila nimekonda, na viganja vimekuwa vigumu kama vya mtu aliyelima msimu mzima. Vipi hapo Maposeni, mvua inawatosha? Mahindi yamefika wapi?

Usishtuke kupata barua. Simu zetu zilikusanywa siku ya kwanza na hatujui tutarudishiwa lini. Barua tunaruhusiwa.

Najua bado una kinyongo na mimi kwa kuacha kazi ya wodini. Siku ile uliniuliza, umekaa kwenye cherehani yako na pini mdomoni, "Uuguzi ni uuguzi, Walburga. Jeshini unakwenda kutafuta nini?" Sikukujibu vizuri, nilinuna tu. Leo nakujibu. Miaka minne wodini nimekuwa mtu wa kusubiri. Mgonjwa anabadilika mbele ya macho yangu, najua la kufanya, lakini nasubiri mtu aje aseme fanya. Muuguzi akivishwa kamisheni anakuwa afisa. Mahali ambapo daktari hayupo, neno lake ndilo la mwisho. Nilikitaka hicho, Mama. Sitakuficha, nilikitamani.

Kwata inanishinda bado, mguu wa kushoto unachelewa. Mkufunzi wetu ananiita Sista. Juzi alinisimamisha mbele ya wenzangu akaniuliza, "Sista, una majeruhi watano na gari la watu wawili. Unaanza na nani?" Nikasema naanza na anayelia sana. Walicheka wote. Akasema, "Anayelia ana pumzi. Nenda kwa aliyenyamaza." Niliona haya, lakini nimeyaandika kwenye daftari.

Msalimie mdogo wangu Polikarp akipita likizo. Mwambie asininywee togwa yangu.

Mwanao,
Walburga


Maposeni,
20 Machi 2022

Mwanangu Walburga,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Mimi sijambo, mguu ndiyo hivyo hivyo, ukiwa na baridi unauma, ukiwa na jua unavimba. Mahindi ni mazuri mwaka huu, ila nyani wanatusumbua upande wa mtoni. Na wewe unakula? Habari ya kukonda sikuipenda.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nimekuelewa. Lakini na mimi nikuambie kitu. Dada yangu alipofariki na kuniachia wewe, ulikuwa na miaka mitatu, na Polikarp nilikuwa sijampata. Mkakua pamoja. Sijawahi hata siku moja kusema huyu wangu na huyu wa dada. Kwa hiyo usifikiri nilikuzuia kwa ushamba. Mtoto mmoja jeshini nilikuwa nimeshajizoesha. Wawili niliona ni wengi kwa moyo mmoja.

Polikarp alikuja wiki iliyopita, siku nne tu, kombati zake nimemshonea vifungo. Ananiambia, "Mama, Dada akimaliza atakuwa na nyota begani, na mimi ni praiveti. Nikimkuta njiani nisimame wima nimpigie saluti. Nikisahau anaweza kunifunga." Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Nilipocheka ndipo nikajua kwamba sijacheka tangu uondoke.

Mguu wa kushoto utazoea. Ulipokuwa unajifunza kutembea kwa marehemu dada, nilikuona, mguu huo huo ulichelewa.

Mama yako,
Rosemary


Dar es Salaam,
27 Novemba 2022

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hali yako? Nilisikitika sana uliposhindwa kusafiri, lakini kwa mguu ule ni heri ulibaki. Nakueleza ili ujione kana kwamba ulikuwepo.

Sasa ni Luteni Usu Walburga Ngonyani. Tulitembea kwa mwendo wa pole, bendi ikapiga, nyota ikavalishwa. Mguu wangu wa kushoto haukuchelewa hata mara moja. Nililia kimyakimya bila kupangusa machozi, maana mikono ilitakiwa kukaa chini.

Polikarp alipata ruhusa akaja. Baada ya gwaride alinifuata, amenyooka kama mlingoti. "Jambo, Afande!" Nilitaka kumkumbatia, ila palikuwa na kapteni mmoja anatutazama. Nikapokea saluti. Tukabaki tumesimama pale kama watu wasiojuana. Baadaye nyuma ya mabasi ndipo alinikumbatia akanisukasuka kama gunia. Nikamwambia aache kuniita Afande tukiwa wawili. Akasema, "Hapana, Dada. Ukiwa umevaa hizo, wewe ni Afande. Udada tutaurudisha tukifika Maposeni." Unamjua alivyo. Tangu siku hiyo hata kwenye simu ananiita Afande, na mimi namwita Komba kama wanavyoitana kikosini. Imekuwa utani wetu.

Nimepangiwa hospitali ya jeshi. Nikipata likizo ya kwanza nakuja.

Mwanao,
Walburga


Maposeni,
16 Aprili 2023

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Pasaka tumeila vizuri, kuku wawili, na chumba chako nimekipiga chokaa. Mimi ni mzima. Nakuuliza hali ingawa najua, maana ulipiga simu Jumatano, na Polikarp akapiga Alhamisi, na wote wawili mkaniambia jambo lile lile kwa sauti ile ile ya furaha, kwamba mmechaguliwa kundi moja kwenda kulinda amani nchi ya jirani.

Sikusema kitu kwenye simu. Simu ya huku unaanza kusema na inakatika, na mimi nilitaka niseme mpaka mwisho. Naogopa. Watu kanisani wananipongeza, wanasema nina bahati, watakuwa pamoja. Nami najiambia hivyo. Kama kuna mmoja ataumia basi mwingine ni muuguzi, tena afisa.

Walburga, yule ni mtu wa kusema "sina shida" hata akiwa na homa ya arobaini. Unamjua. Alivunjika mkono shule ya msingi akakaa nao siku mbili, mimi sina habari. Basi mtazame. Sikuombi umpendelee mbele ya wenzake. Umtazame tu.

Nawaombea.

Mama yako,
Rosemary


Kambini,
30 Julai 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua hii analeta koplo anayerudi nyumbani, ataitia posta ya Songea. Habari za huko? Mmeshavuna? Mimi sijambo, na Komba hajambo, ameota ndevu za ajabu.

Tulipo siruhusiwi kutaja. Ni milimani, barabara ni tope, ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi, ungedhani uko Matengo. Kambi yetu ni ndogo. Hospitali yenye daktari wa upasuaji ni mwendo wa saa tatu kwa gari. Hapa kituoni mkubwa ni mimi, nina Koplo Jumanne wa kunisaidia, hema moja, mtungi mmoja wa oksijeni na gari moja la wagonjwa. Mama, ile kazi niliyoitamani ndiyo hii. Mtu akiletwa, wote wananitazama mimi.

Polikarp namwona kwa mbali. Yeye anakula na askari wenzake, mimi kwenye mesi ya maafisa. Juzi alikuja kituoni na kidonda mguuni, amepanga foleni kama wengine. Nikamuuliza kinauma? "Hakiumi, Afande." Kilikuwa kinatoa usaha. Namtazama, Mama. Nakuahidi.

Mwanao,
Walburga


Maposeni,
3 Desemba 2023

Mwanangu Walburga,

Pole. Nimeandika neno hilo nikakaa nalo nusu saa, sijui liendelee vipi. Pole, mwanangu, maana alikuwa mdogo wako. Mimi ninakula, wananilazimisha.

Tumemzika karibu na baba yake. Jeshi walikuja wengi, wakapiga risasi hewani, mbuzi wa jirani wakakimbia. Nilikutafuta kwa macho ingawa nilishaambiwa kwamba hukuweza kuacha kituo, kwamba hapakuwa na muuguzi wa kukupokea. Nimeelewa. Usijilaumu kwa kukosa maziko.

Meja aliyeleta mwili alikaa na mimi hapa sebuleni, mtu mpole. Alinieleza kwamba lori liliteleza kwenye kona siku ya mvua, likabingirika, na Polikarp alifariki papo hapo. "Hakupata hata nafasi ya kuogopa, Mama." Neno hilo ndilo ninalolalia na kuamkia. Nashukuru hakuteseka. Nashukuru hakuita mtu.

Wewe ulimwosha? Nataka kuamini ni mikono yako ilimwosha.

Mama yako,
Rosemary


Kambini,
14 Januari 2024

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Ndiyo, nilimwosha mimi, nikamvalisha. Samahani kwa ufupi, kazi ni nyingi.

Walburga


Maposeni,
24 Machi 2024

Mwanangu Walburga,

Salamu nyingi. Barua yako ya Januari ilikuwa na mistari mitatu, nikajua una uchungu, nikaacha kukusumbua. Leo nakusumbua.

Jumanne iliyopita nilipata wageni kutoka Tunduru. Kijana mmoja anaitwa Daimu anatembea na fimbo, na mkewe Asma, ana mimba kubwa. Wameleta korosho nusu gunia. Daimu alikuwa kwenye lori lile. Alipiga magoti hapa mlangoni akalia, na mimi nikalia, nikachinja kuku. Akaniambia, "Mama, binti yako ndiye aliyeniokoa. Mshipa wa paja ulikuwa umekatika. Alinifunga, akanipakia gari la kwanza. Alhamdulillah, bila yeye nisingemwona mtoto huyu." Nilijisikia fahari, Walburga. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Oktoba kifua changu kujaa kitu kingine.

Halafu akasema, "Na marehemu Polikarp, Mungu amrehemu, ndiye aliyeshika machela yangu upande wa kichwa. Alikuwa ananitania njia nzima mpaka garini, anasema nimekuwa mzito kwa wali wa nazi."

Nikamuuliza, Polikarp yupi? Akasema, "Polikarp Komba, Mama. Mwanao." Mkewe akamkanyaga mguu. Nikaona. Daimu akasema labda amechanganya, alikuwa amepoteza damu. Hawakukaa tena sana.

Walburga, mtu aliyekufa papo hapo amebebaje machela? Wewe ulikuwepo. Meja sitamwuliza. Nakuuliza wewe.

Mama yako,
Rosemary


Kambini,
21 Aprili 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui kama unaweza kusoma hii ukiwa peke yako. Kama inawezekana, mwite mtu akae karibu.

Daimu hakuchanganya. Meja alisema vile kwa huruma, na mimi nikamwachia aseme kwa sababu nilikuwa mwoga.

Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Walileta watu kumi na mmoja kwa mara moja, wengine mgongoni mwa wenzao. Mvua ilikuwa inanyesha. Sisi tuna kadi za rangi tunazomfunga mtu shingoni. Nyekundu anatangulia. Njano anasubiri. Kijani ni mtu anayeweza kutembea. Nyeusi ni yule ambaye hatutaweza kumsaidia. Anayefunga kadi ni mimi.

Polikarp alikuja kwa miguu yake. Alikuwa na uvimbe mdogo juu ya sikio la kulia, damu kidogo tu. Nikamwangalia macho, yalikuwa sawa. Nikamuuliza, "Ulizimia?" Akasema, "Hapana, Afande. Mimi sina shida, angalia wenzangu." Nikamfunga kadi ya kijani. Nilimpa sekunde kumi na tano, pengine ishirini. Nikampa na kazi, nikamwambia shika machela.

Mama, alikuwa amezimia. Dereva aliniambia baadaye, walimwagia maji ndipo akaamka. Nilipaswa kumwuliza mtu mwingine. Tunafundishwa hivyo, mtu aliyegonga kichwa usimwamini yeye mwenyewe, muulize aliyekuwa naye. Na uliniandikia kwa mkono wako kwamba ni mtu wa kusema sina shida. Nilijua kuliko mtu yeyote pale kambini, na sikuuliza.

Gari lilikuwa na nafasi mbili. Nikampakia Daimu, na sajenti mmoja aliyevunjika nyonga. Likaondoka saa tatu. Baada ya dakika arobaini hivi Polikarp alikuja kwenye hema ameshika kichwa. Alitapika mlangoni. Akaniita. Hakuniita Afande. Alisema, "Dada Walbu, kichwa." Mkono wangu ulikuwa ndani ya kidonda cha mtu. Nikamjibu bila kugeuka, "Subiri, Komba."

Niligeuka pengine baada ya dakika tano. Alikuwa amekaa chini, ameegemea sanduku la dawa, analala. Mboni ya jicho la kulia ilikuwa imetanuka yote, nyeusi, haisinyai kwa taa. Hapo nilijua. Damu ilikuwa inavuja ndani ya fuvu, inabana ubongo. Anayeweza kutoa damu hiyo ni daktari wa upasuaji, na gari limeondoka. Niliita helikopta kwa redio, wakasema ukungu, hairuki. Niliita tena. Niliita mara tisa, Jumanne alihesabu.

Oksijeni ilikuwa mtungi mmoja. Palikuwa na kijana mwingine, mbavu zimetoboa pafu, ambaye akiipata atapona. Nikawaangalia wote wawili. Nikamfungua Polikarp kadi ya kijani, nikamfunga nyeusi. Bado alikuwa anapumua. Alipumua mpaka saa saba kasorobo. Aliyekaa naye ni Jumanne, alimshika mkono. Mimi nilipita mara mbili tu, nilikuwa na watu wengine. Wote wengine wamepona, Mama. Tulikuwa na majeruhi kumi na mmoja, na aliyekufa ni mmoja.

Bodi ya uchunguzi ilikaa siku mbili. Waliniambia sikuvunja utaratibu, kwamba kwa vifaa vile na muda ule afisa yeyote angefanya hivyo. Daktari mmoja alisema hata kwa gari lile asingefika hai. Mwingine alinyamaza. Mimi namfikiria yule aliyenyamaza.

Uliniandikia kwamba unashukuru hakuita mtu. Aliniita mimi.

Mwanao,
Walburga


Dar es Salaam,
11 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Tumerudi tangu Juni. Simu yako inaita, haipokelewi, na jirani ananiambia tu kwamba uko shambani. Barua yangu ya Aprili sijui kama ilifika, au ilifika na kimya hiki ndilo jibu.

Nimepandishwa, sasa ni Luteni kamili. Cheti kinasema kwa utulivu na uamuzi thabiti wakati wa ajali. Nimekiweka chini ya godoro. Wagonjwa nawahudumia, ila siku hizi mtu akiniambia hana shida nakaa naye mpaka wenzangu wananishangaa.

Nimeomba likizo kwa ajili ya Misa ya mwaka mmoja, tarehe 10 Oktoba. Naomba nije nyumbani. Sikuombi uniambie kitu chochote. Nitachota maji, nitapika, nitakaa jikoni.

Mwanao,
Walburga


Maposeni,
15 Septemba 2024

Walburga,

Salamu. Barua zako zote mbili zilifika.

Ile ya Aprili niliisoma nikiwa kwenye cherehani. Nikaiweka chini ya kitambaa, nikamalizia sare ya mtoto wa watu, nikashona mkono wa kushoto mahali pa kulia, ikabidi nifumue. Nimekaa nayo miezi minne.

Nilikwenda Peramiho kumwuliza muuguzi mzee mmoja, sikusema ni habari ya nani. Nilimwuliza kama mtu anaweza kugonga kichwa, akatembea, akatania wenzake, halafu akafa. Akaniambia inatokea, na inawadanganya hata madaktari. Basi akili yangu imejua hukumuua. Nimeyasema haya kwa padri pia, akasema nimesema vizuri. Lakini nikikaa peke yangu namwona ameshika machela ya mtu mwingine, kadi shingoni, na wewe umempa mgongo.

Ni kweli nilikuuliza mwenyewe. Nilikuuliza nikitaka uniambie kwamba Daimu amechanganya. Hiyo ndiyo ilikuwa barua niliyoingoja.

Asma amejifungua mtoto wa kiume. Wameniletea ujumbe kwamba wanataka nimpe jina. Nimewajibu watafute jina huko huko kwao.

Misa ni saa moja asubuhi. Kanisa si langu, siwezi kumzuia mtu. Ukinisalimu nitaitikia, sitakuaibisha mbele ya watu. Baada ya Misa watakuja nyumbani kula. Wewe usije. Masista wana nyumba ya wageni pale misheni, nimewaambia kuna mgeni atakuja, wamekuandalia chumba. Nguo zako na vitabu vilivyokuwa chumbani nimevifunga, Sista atakukabidhi. Usivae kombati.

Sina ubaya na wewe. Nilikulea na ningekulea tena. Lakini kila jioni nasali rozari, nawataja watu wangu mmoja mmoja, walio hai na marehemu. Nikifika kwako nanyamaza. Nangoja nione kama jina litatoka. Halafu naendelea na wengine.

Rosemary Komba